Kuwamba, Kulainisha na Kusindika: Istilahi za Ngozi

Mahali ambapo Kiswahili kina neno moja, "ngozi", Kiingereza kina matatu: la ngozi ya mnyama mkubwa kama ng'ombe, la ngozi ya mnyama mdogo kama mbuzi, na la ngozi iliyokwisha kutengenezwa. Yote matatu yamo katika jina la Kiingereza la sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 inayohusu biashara hiyo. Mfasiri akiandika "ngozi" tu, mambo huharibika, kwani Tanzania na Kenya zimepata kutoza ngozi ghafi ziendazo nje ushuru mzito kuliko zile zilizosindikwa.

Kabla ya kuunda neno, yafaa tutazame kazi yenyewe ilivyofanywa nyumbani. Umasaini ilikuwa kazi ya wanawake. Ngozi ikisha kuchunwa, iliwambwa chini kwa vigingi, upande wa manyoya ukielekea ardhini, ikakauka kwa jua. Kisha ilikwanguliwa mabaki ya nyama, ikapakwa mafuta na kufikichwa kwa mikono hata ikalainika, ikafaa kuvaliwa. "Kuwamba" ni neno lile lile la ngoma na la kitanda cha kamba: kukaza kitu kikavutika pande zote. Hakuna haja ya kulitafutia badala.

Lakini ngozi iliyowambwa na kupakwa mafuta tu haijabadilika ndani. Ikikaa na maji huoza. Dawa ya zamani ya kuzuia uozo huo ni tanini, iliyomo katika magome ya miti. Nayo haikuwa mbali nasi: kabla ya Vita Kuu ya 1914 magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yalisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya viwanda vya ngozi, na baadaye miwati ikapandwa Njombe kwa kazi hiyo hiyo.

Hatua hii tumezoea kuiita "kusindika". Asili yake ni kukamua ufuta au miwa kwa kinu, ambacho huko pwani kilizungushwa na ngamia; sasa neno limepanuka hadi kwenye maziwa, samaki na ngozi. Hatulikatai, ila ni pana mno. Karani asomaye "ngozi iliyosindikwa" hajui kama imetiwa chumvi, imekaushwa, au imetiwa tanini. Twapendekeza liandamane na dawa iliyotumika: "iliyosindikwa kwa magome", "iliyosindikwa kwa kromu". Ile iliyowambwa ikakauka, basi, iitwe "ngozi kavu", na katika hati za forodha ihesabiwe kuwa ghafi.