Maji ya Meru na Meno ya Arusha

Ukitoka Arusha kwenda Moshi, ukishaipita Usa River, unafika Maji ya Chai. Jina linatokana na mto unaoshuka kutoka Mlima Meru, wenye maji mekundumekundu kama chai ya rangi. Mgeni akiyaona husita kuyanywa. Lakini wekundu huo sio ulioharibu meno ya vizazi na vizazi vya upande huu. Yaliyoyaharibu ni madini ya floraidi, ambayo hayana rangi, harufu wala ladha, na yamo hata katika chemchemi nyeupe pe za mlima huohuo.

Nilipokuwa shule ya bweni, tulikuwa na mwenzetu kutoka Arumeru aliyekuwa akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia, yana vishimo vidogo kana kwamba yamedonolewa na sindano. Tulimtania kwamba hapigi mswaki, na kumbe alikuwa akipiga mswaki kuliko sisi sote. Tulimkosea sana.

Hata madaktari walichukua muda kuijua sababu. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana madoa ya kahawia menoni. Aliihangaikia siri hiyo kwa miaka 30. Ni mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipoyapima maji na kukuta floraidi nyingi. Huku kwetu chanzo ni volkano. Maji hupenya polepole katika majivu na miamba ya Meru, yakiyeyusha madini hayo njiani, na hali ni hiyohiyo katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa, Tanzania na Kenya.

Floraidi kidogo huyaimarisha meno. Ikizidi, humdhuru mtoto jino likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, na doa likishaingia halitoki kwa dawa ya meno. Ikizidi zaidi kwa miaka mingi huingia mifupani: miguu hupinda na mgongo hukakamaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8. Ninawaelewa waliokiweka. Wangefunga kila kisima kilichozidi 1.5, watu wangekunywa wapi? Lakini kiwango cha muda kilikaa miaka mingi mno, na watoto waliozaliwa katika kipindi hicho wanayo meno yaleyale hadi leo. Baadaye kilishushwa hadi 4, na katika miaka ya karibuni kikafikishwa 1.5. Kushusha namba kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuishusha bombani.

Kazi ya kuishusha imefanyika hasa Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti cha serikali. Dawa yake ni mifupa ya ng'ombe. Huchomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, husagwa chengachenga, kisha hujazwa kwenye ndoo yenye koki. Maji humiminwa juu, yanapita taratibu, na mkaa unainasa floraidi. Mifupa ikichomwa vibaya maji hunuka, na mama hatakubali kuwapa wanawe. Wengine huuliza kwanza ni mifupa ya mnyama gani, swali la haki kabisa. Tena mkaa huo huchoka: usipobadilishwa, maji yanapita kama yalivyoingia na mwenye ndoo hajui.

Mwenye fedha alijitoa kwenye tabu hii kwa maji ya chupa. Simlaumu. Ila chupa zake tunazikuta kwenye mitaro ya Arusha kila mvua ikinyesha, kwa sababu katazo la Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya plastiki na halikuzigusa chupa za maji. Na asiye na fedha bado anachota palepale.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliko yote. Tumefundishwa, na ni sahihi, kwamba maji yachemshwe ili kuua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Floraidi haifi kwa moto. Maji yakichemka muda mrefu yanapungua, madini yanabaki, na kila kikombe kinakuwa kikali zaidi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi nayo yana floraidi.

Kwa hiyo wewe unayelea mtoto chini ya Meru, kinga maji ya mvua kwenye bati safi, yachemshe, na umwekee yeye kwanza, hasa mpaka afike miaka 8. Ukinunua chupa, geuza lebo usome kiasi cha floraidi. Magadi yaache dukani.