Mlima Umesingiziwa

Anayetoka Gisenyi kwenda Kigali hapewi muda wa kulizoesha gari lake safari. Mji umelala ufukweni mwa Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba zikianza tu kupungua lami nayo inaanza kupanda. Haitulii mpaka Bigogwe na Mukamira, ambako dereva amekwisha kuvuka mita 2,200 katika mwendo usiofika kilomita 40. Kwenye mpando huo ndipo magari huchemsha, na lawama imekuwa ya mlima tangu zamani. Mimi naona mlima umesingiziwa. Gari linalochemsha Bigogwe mara nyingi lilikuwa gonjwa tangu likiwa ufukweni, na kilichoficha ugonjwa wake ni desturi ya kuongeza maji: desturi iliyokuwa sahihi kabisa kwa magari ya enzi moja, ikaendelea kuishi baada ya magari hayo kwisha.

Tuanze na magari yenyewe. Wabelgiji waliichukua Gisenyi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, katika vita ambavyo mzigo bado ulikwenda kichwani mwa mpagazi. Magari yaliyokuja baadaye, kadiri barabara zilivyochongwa, yalikuwa ya kizazi ambacho maji ya rejeta hayakufungiwa kwa nguvu. Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, kwa sehemu kubwa haikuwa hata na pampu ya maji. Maji ya moto yalipanda yenyewe kwenye rejeta, yakapoa, yakashuka. Mfumo ulikuwa wazi kama sufuria yenye mfuniko uliolegea. Gari la namna hiyo likichemsha mlimani hapakuwa na kosa la kutafuta. Dereva alisimama, akangoja, akaongeza maji, akaendelea, na kesho yake akafanya vilevile.

Gereji za zamani hazikuandika historia yao, lakini maneno yao yamebaki. Mwaka 1925 Ubelgiji iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo yake kiutawala, na mpaka leo injini ya Gisenyi, sawa na ya Goma ng'ambo ya mpaka, inatajwa kwa Kifaransa kilichovaa kanga ya hapa: moteri, kulasi (kichwa cha silinda), radiyateri. Watu wa barabarani, kinyume chake, wana majina yenye asili nyingine. Msaidizi wa dereva wa lori, ambaye Watanzania humwita utingo, Rwanda anaitwa tandiboyi au kigingi. Kigingi ni neno la Kiswahili, kile kipande cha mti kinachopigiliwa ili kitu kisiende. Sioni jinsi mtu angepata jina hilo isipokuwa barabara ilikuwa ya milima na gari lilisimama mara kwa mara likihitaji kuzuiwa gurudumu. Mtu wa kuweka kizuizi, jerekani ya maji pembeni, subira ya nusu saa: utaratibu mzima wa kusafiri ulijengwa juu ya gari linalochemsha.

Kisha kikabadilika kitu kimoja kidogo, kifuniko. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yalienea magari yenye rejeta inayofungwa kwa kifuniko cha springi, kinachozuia mvuke na kuyaweka maji chini ya shinikizo. Kwa mji wa Gisenyi mabadiliko hayo yana uzito zaidi kuliko kwa Mombasa. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Gisenyi, kwa kuwa hewa ni nyepesi, huchemka karibu na nyuzi 95, na Bigogwe kama 92 au 93. Themostati ya gari la kawaida hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, kwa hiyo gari lenye kifuniko kilichochoka linafika Bigogwe likiwa limebakiza nyuzi chache tu kati ya joto lake la kila siku na mchemko. Lifungie kifuniko kizima kilichopigwa chapa ya 0.9, yaani shinikizo la bar 0.9, na mchemko unasogezwa hadi karibu nyuzi 114. Zaidi ya nyuzi 20 za usalama zinaletwa na kitu kinachoenea kiganjani. Tena, mfumo uliofungwa haupaswi kupungukiwa maji. Yakipungua, yana mahali yalikotokea, na anayeongeza bila kuuliza mahali hapo anafanya kazi ya mwaka 1925 kwenye gari la leo.

Maji anayoongeza nayo yana lake. Ziwa Kivu si kama Ziwa Viktoria. Chemchemi za chini yake, katika ardhi ya volkano, huliingizia chumvi na madini, na maji yake ya juu yana zaidi kidogo ya gramu moja ya chumvi hizo kwa kila lita. Jerekani ya lita 20 inabeba basi kiasi cha vijiko vitatu au vinne vya chai. Mvuke ukitoka, madini hubaki. Dereva akaongeza jerekani nyingine, madini yakajumlishwa. Yanaganda pale penye moto zaidi, kwenye kuta za silinda na kwenye vijia vyembamba vya rejeta, yakafanya ukoko mweupe ule ule wa ndani ya birika. Ukoko hauachi joto lipite. Ziwa linalomwokoa dereva asubuhi ndilo linalomzibia rejeta mwaka mzima, na mwisho wake yeye huapa kwamba mlima umekuwa mkali kuliko zamani.

Watetezi wa hoja ya mlima watanijibu kwamba mpando kweli huzalisha joto, na hilo ni sahihi. Injini hubeba mzigo mzito kwa gia ndogo, gari linakwenda polepole, upepo wa kupoza rejeta unapungua. Lakini tazama malori ya bia. Kiwanda cha Bralirwa kilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, kandokando ya ziwa, na kila kreti iliyonywewa Kigali ilibidi kwanza ipandishwe mlima huohuo, lori likiwa limejaa. Kama mpando peke yake ungetosha kuchemsha injini nzima, biashara hiyo isingedumu mwezi mmoja. Mlima unapima tu. Mitaa ya Gisenyi ya karibu na ziwa ni tambarare, safari za kwenda sokoni au kwenye mpaka wa Goma ni fupi, na gari lenye rejeta iliyoziba nusu linaweza kuzunguka huko miezi bila kulalamika. Likianza kupanda, linaumbuka.

Swali gumu zaidi ni kwa nini desturi ya zamani haikufa. Sehemu ya jibu ni ya uchungu. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 yaliondoa watu pamoja na maarifa waliyobeba, na Julai ya mwaka huo mamia ya maelfu walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache. Ufundi wa gereji hufundishwa mkono kwa mkono. Mkono ukikatika, kinachobaki ni kile ambacho kila mtu anakijua, yaani kumimina maji. Baadaye yakaja kwa wingi magari yaliyotumika ya Kijapani, yakiwa na kulanti, kiowevu cha kupoza injini, nyekundu au ya kijani ndani. Kulanti hiyo ina kazi: inainua kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Uvujaji wa kwanza uliimaliza, jerekani ikachukua nafasi yake. Vumbi la mawe ya volkano la upande wa Goma, ambako lava ya Nyiragongo iliteremka mjini mwaka 2002 na kufika viungani mwake mwaka 2021, likaongeza kuziba mapezi ya rejeta kwa nje.

Wapo wanaosema haya ni mashauri ya wenye pesa, kwamba kulanti ni ghali na maji ni bure. Siyakatai maisha ya watu, ila hesabu hiyo haijakamilika. Kichwa cha silinda kilichopinda kwa joto kinagharimu kuliko kulanti ya miaka, na kwa asiyeweza kuinunua leo yapo maji bora kuliko ya ziwa: ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati, ambayo karibu hayana madini. Ninachokipinga zaidi ni tabia ya kung'oa themostati na kuitupa ati gari lipoe. Asubuhi za Bigogwe ni za baridi. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto wake, inakunywa mafuta, na katika baadhi ya injini njia ya pembeni hubaki wazi, maji ya moto yakarudi yalikotoka bila kupita kwenye rejeta.

Uchunguzi wenyewe unafanyika uani, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kifuniko hakifunguliwi kikiwa na moto kwa sababu yoyote ile, na maji baridi hayamiminwi kwenye injini inayowaka, kwani hupasua chuma. Kwenye twegerane, zile Hiace za abiria, kiti cha mbele kinainuliwa kwanza, maana injini iko chini yake. Mpira wa kifuniko ukunjwe kwa kidole ili kuona kama umepasuka. Michirizi myeupe kwenye maungio ya mipira na chini ya pampu inaonyesha maji yalikopita yakakauka. Kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya kulasi imeachia, na ndivyo pia rejeta ikitoa mapovu yasiyokoma injini inapounguruma. Mkanda wa feni ubonyezwe, feni ya umeme isubiriwe iwake. Kisha, injini ikiwa imepata moto, mkono uende kwenye mpira wa juu wa rejeta na ushuke kwenye wa chini. Yote miwili ikiwa na joto, wa juu ukiuzidi wa chini kidogo, maji yanazunguka. Wa juu ukiunguza na wa chini ukiwa baridi kama ziwa la alfajiri, themostati haijafunguka au rejeta imeziba, na gari hilo lisipandishwe Bigogwe leo.