Ukumbi wa Gisenyi Uko Ng'ambo

Mgeni anayehamia Gisenyi, Rwanda, kikazi huwa na maswali mawili. Nyumba inayotazama Ziwa Kivu inapatikana wapi? Na Jumamosi jioni watu huenda wapi? La kwanza dalali analimaliza siku hiyohiyo. La pili, kwa miaka mingi, lilijibiwa kwa kunyoosha kidole tu: ng'ambo pale, Goma, upande wa Kongo.

Jibu hilo lina historia. Mpaka unaotenganisha miji hii miwili uliafikiwa Brussels mwaka 1910, Wajerumani wakabaki na Gisenyi na Wabelgiji wakabaki na Goma. Haukudumu sana kama ukuta. Kuanzia 1916 Wabelgiji walishika pande zote mbili, hadi Kongo ilipojitawala mwaka 1960 na Rwanda mwaka 1962. Katika nusu karne hiyo miji ikazoea kugawana kazi. Gisenyi ilipata hoteli za ufukweni, na mwaka 1957 ikapata kiwanda cha bia cha Bralirwa. Goma ilipata biashara, uwanja wa ndege na, baadaye, umati wa watu. Anayetaka kupumzika alikwenda mashariki, anayetaka kuchangamka alikwenda magharibi, na hakuna aliyeona haja ya kujenga ukumbi wa sanaa Gisenyi ilhali muziki ulikuwa mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Makala haya yanashikilia kwamba upatikanaji wa shughuli za utamaduni katika mji wa mpakani haupimwi kwa idadi ya matamasha yaliyotangazwa. Unapimwa kwa saa ya kufungwa kizuizi cha mpakani, kwa lugha ya tangazo, na kwa kuwepo kwa mlango unaofunguliwa kila wiki bila kusubiri mdhamini. Kwa vipimo hivyo, Gisenyi ni tajiri wa watu na maskini wa ratiba.

Kwanza, mgeni ni nani? Katika mazungumzo ya mashirika, mgeni ni Mbelgiji wa mradi wa afya, Mkenya wa Umoja wa Mataifa, mhandisi wa gesi ya methani ya ziwani. Fundi cherehani kutoka Bukavu hahesabiwi, wala muuza vitenge mwenye mama Mkongomani na baba Mnyarwanda, ingawa wao ndio walioufanya mji uwe wa mataifa mengi. Kabla ya Machi 2020, makumi ya maelfu ya watu walivuka kila siku katika kizuizi cha Petite Barrière, wengi wao wanawake wenye mizigo kichwani. Walivuka na samaki wa sambaza na nyanya, na pamoja navyo walivuka na nyimbo, mishono na misemo. Mjadala wa utamaduni unaowaacha nje akina mama hao unahusu wateja wa hoteli tu.

Goma nayo haikuwa na vitu haba. Kituo cha Yolé!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kiliwafundisha vijana kamera, ngoma na muziki, kikazaa tamasha la filamu la Salaam Kivu. Mji huohuo ulimtoa Innoss'B, ambaye mwaka 2019 aliimba pamoja na Diamond Platnumz toleo jipya la wimbo wake "Yope", likachezwa harusini kote Afrika Mashariki. Februari 2014, miezi michache tu baada ya vita vya waasi wa M23 vya wakati ule kusimama, Tamasha la Amani lilifanyika kwa mara ya kwanza katika viwanja vya Chuo cha Mwanga. Lilikuwa limepangwa 2013, vita vikalisogeza mbele. Lilipofanyika lilidumu siku tatu, likiwa na wasanii wa Kongo na wa nchi jirani, kwa kiingilio ambacho kijana asiye na ajira angeweza kukipata. Kwa mkazi wa Gisenyi mwenye jetoni yake ya kuvukia, hilo lilikuwa tamasha la nyumbani.

Kisha saa za mpaka zikaanza kupungua. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na ulipofunguliwa tena haukurudi kama ulivyokuwa. Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwa risasi Petite Barrière, mamlaka za mkoa wa Kivu Kaskazini ziliamuru kizuizi kifungwe saa tisa alasiri. Mchuuzi bado angeweza kufanya kazi kwa saa hizo, akiharakisha. Mpenzi wa muziki hakuwa na la kuharakisha: onyesho la saa mbili usiku lilikuwa limeshamtoka. Hakuna waraka wowote uliopiga marufuku utamaduni, lakini saa tisa alasiri ilitosha kuuzuia.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Makombora yaliangukia pia upande wa Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, na kuua raia, na wafanyakazi wa mashirika wakavuka kwa mamia kuja Gisenyi. Waliokuwa wakija kulala na kuogelea mwisho wa wiki sasa walikuwa wakazi. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba mji una vitanda vingi na hauna jukwaa.

Msomaji wa Kigali atapinga, na ana haki. Iwacu Muzika Festival, ambalo huzungushwa mikoani, lilihitimisha ziara yake ya 2024 hapahapa Rubavu mwezi Oktoba. Mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda huleta umati barabarani karibu kila mwaka. Uwanja wa Umuganda ulipokea mechi za soka za CHAN mwaka 2016. Yote ni kweli, na yote huja kwa lori na kuondoka kwa lori. Wapangaji wako Kigali, na mdhamini akibadili mawazo hakuna mtu Gisenyi wa kuulizwa. "Iwacu" kwa Kinyarwanda ni "kwetu", lakini tamasha linalolala mjini usiku mmoja ni mgeni kama wageni wengine.

Kalenda ya taifa nayo ina mipaka yake inayoeleweka. Kuanzia tarehe 7 hadi 13 Aprili, wiki ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, burudani husimama. Katika mji wenye makaburi ya Commune Rouge hakuna anayehitaji kuelezwa sababu. Tangu Septemba 2023 baa hufungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa wiki. Wapenda dansi walinung'unika, ingawa kwa maonyesho ya jukwaani amri hiyo si kikwazo: mchezo wa kuigiza haumalizikii alfajiri.

Pale ambapo lawama za wageni hukosea ni katika kusema kwamba "hapa hakuna kitu". Kwaya hufanya mazoezi jioni baada ya jioni. Harusi za Jumamosi zina wachezaji wa intore na ngoma. Wavuvi wa sambaza huingia ziwani wakati wa magharibi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatumitatu, wakiimba kwa mapigo ya makasia. Hakuna bango kwa yote hayo kwa sababu wenyewe hawalihitaji. Habari hupita kwa mdomo, na mdomo huo mara nyingi unasema Kiswahili.

Ajabu ni kwamba mabango rasmi hayasemi Kiswahili. Rwanda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, ikiwa tayari mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa miaka kumi, na Kongo ikajiunga mwaka 2022. Gisenyi haikuhitaji sheria hizo ili ikiseme. Hata hivyo matamasha makubwa hutangazwa zaidi kwa Kinyarwanda na Kiingereza, na Mkongomani, Mrundi, Mkenya na mfanyakazi wa shirika aliyejifunza Kiswahili Goma wote wanakosa lugha moja ambayo ingewafikia kwa pamoja.

Mji huu hauhitaji jumba la kifahari. Ukumbi wa watu mia mbili unaosimamiwa na wilaya, wenye filamu wiki hii na mashairi wiki ijayo, ungewapa kazi vijana wa hapa na wasanii wa Goma waliokosa pa kuonyesha. Ratiba yake iandikwe kwa Kiswahili pia na kubandikwa sokoni na vizuizini, na maonyesho mengine yawekwe mchana, ili mvukaji awahi kurudi kwake. Hata msingi wa kidiplomasia upo. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) zilitia saini hapahapa Gisenyi mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na utamaduni umetajwa ndani yake miongoni mwa mambo ya kushirikiana. Makao makuu ya jumuiya hiyo yaliwekwa katika mji huohuo.