Usihesabu Vichwa Tu

Mara yetu ina magereza Musoma, Bunda, na Kiabakari kule Butiama. Idadi ya wafungwa hainitoshi. Mimi nauliza, waliingiaje?

Mwaka 1958 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitiwa hatiani kwa kuwakashifu mabwana shauri wawili: faini shilingi 3,000 au jela miezi sita. Akalipa, akabaki uraiani.

Mwaka 1963 serikali yake ikatunga sheria kali: mwizi wa ng'ombe, jela isiyopungua miaka miwili na viboko 24, 12 akiingia, 12 akitoka. Faini haikumwokoa.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 ikaruhusu kazi za jamii badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu.

Basi ukisomewa takwimu, uliza: wangapi wamo kwa kukosa faini tu?