Safu ya Lugha: Patana
Sokoni Kasongo, Maniema, mchele hauchukuliwi kabla watu hawajapatana bei. Kabambare, wenye ugomvi wa shamba hupatanishwa. Kwa hiyo wanahisabati wetu nao wanalo neno tayari la kueleza intigrali zisizopingana. Intigrali mbili, yaani njia mbili za kukokotoa eneo chini ya mchoro wa fanksheni, zinapatana ikiwa kila fanksheni inayokubaliwa na zote mbili hupata jibu lile lile. Si lazima zikubali fanksheni zilezile! Chukua sin x ukigawanya kwa x, kuanzia 0 kuendelea bila kikomo: intigrali ya Lebesgue, ya mwaka 1902, inaikataa, ya Henstock na Kurzweil inaipa nusu ya pai. Hata hivyo zinapatana, maana chochote anachokikubali Lebesgue, wenzake hukipa jibu hilohilo.