Walikuja Kusoma: Kitenzi-jina cha Kusudi na Historia ya Kanisa Buhaya

Katika makala haya mafupi twakusudia kuonyesha jinsi jambo dogo la sarufi liwezavyo kumwonya mwandishi wa historia ya Kanisa.

Katika Marko 10:45 Kiyunani chaeleza kusudi la kuja kwake Mwana wa Adamu kwa vitenzi-jina, nacho Kiswahili chafuata njia iyo hiyo kwa kiambishi ku-. Kifini, lugha ambayo Mikael Agricola, aliyesoma Wittenberg, aliitolea Agano Jipya mwaka 1548, kina njia mbili. Baada ya kitenzi cha mwendo husemwa "tulin lukemaan", yaani nilikuja kusoma. Penginepo hutumika umbo refu: "lukeakseni", ili nisome, "lukeaksemme", ili tusome. Umbo hili la pili halisimami bila kiambishi cha mwenye kusudi, na mwenye kusudi sharti awe yeye yule atendaye kitenzi kikuu. Halifai kutajia kusudi la mtu mwingine.

Historia yetu ya Bukoba na Muleba mara nyingi huanzishwa mwaka 1910, walipofika wamisionari wa Betheli. Husemwa walikuja kuleta Injili, nao Wahaya wakaipokea. Hivyo kusudi lote huwa la mgeni. Lakini kabla ya mwaka huo walikuwako Wahaya waliokwisha kulipata Neno Uganda, wakisoma vitabu vya Kiluganda na kuwafundisha wenzao. Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu huko tangu 1961 hadi 1964, aliandika habari zao katika kitabu chake Bara Bukoba. Watu hao hawakungoja kukusudiwa. Walisoma kwa kusudi lao wenyewe. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Kanisa lenye mzizi huo.

Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye historia ya usharika wake, uwe wa Bukoba mjini au wa Kamachumu, na aulize katika kila sentensi: kusudi hili ni la nani? Asipouliza, atawaandika babu zake kama watu waliotendewa tu.

Nasi wachungaji tujiulize vivyo hivyo. Tumeingia katika huduma ili tufanye nini? Marko ametuwekea vitenzi viwili, kutumikiwa na kutumika, na kiambishi cha nafsi ni juu yetu kukitia.