Nyani Akivunja Kioo cha Gari Yako, Nani Analipa? Tuulize Historia

Wasee wa Karurumo, Runyenjes na Embu yote, leo tuongee kitu ambacho huwa tunakicheka tu halafu tunasonga. Umepaki Probox kando ya shamba, dirisha limebaki wazi kidogo, ndani kuna mkungu wa ndizi. Ukirudi unapata nyani ameingia, amekula, amerarua viti, na akitoka ameng'oa raba za waipa. Au kima ameona sura yake kwenye kioo cha pembeni, akadhani ni adui, akakipiga mpaka kikapasuka. Video ikipostiwa, kila mtu anaweka emoji za kucheka. Lakini mwenye gari hacheki, kwa sababu bili ni yake. Na ukifuatilia ni kwa nini bili ni yake, unajikuta mwaka wa 1900.

Mwezi wa Juni mwaka huo, behewa la treni lilikuwa limesimamishwa kwenye reli ya kando pale stesheni ya Kima, eneo ambalo leo ni Makueni. Ndani kulikuwa na Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, pamoja na wazungu wengine wawili, Hübner na Parenti. Walikuwa wanavizia simba aliyekuwa anakula watu hapo stesheni. Ryall ndiye alikuwa zamu, na usingizi ukamshinda. Simba akapanda ndani, behewa likainama, mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Alimuua Ryall na kutoka naye kwa dirisha. Behewa lenyewe bado liko, unaweza kuliona pale Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kwa hivyo ukiniuliza kisa maarufu zaidi Kenya cha mnyama kuvamia chombo kilichopaki, ni hicho. Na ucheke kidogo: Kiswahili cha tumbili fulani ni "kima", na nyama ya kusaga pia ni "kima".

Sasa sikiza kilichotokea wiki chache kabla ya hapo. Mwezi wa Mei 1900, mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalikutana London yakatia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama pori. Mkataba huo uligawa wanyama kwa orodha. Kulikuwa na wa kulindwa kabisa, na kulikuwa na wale walioitwa waharibifu, ambao idadi yao ilifaa ipunguzwe. Kwenye orodha ya waharibifu walikuwa simba, chui, fisi, mbwa mwitu, mamba, nyoka wa sumu, na nyani pamoja na tumbili wasumbufu. Mkataba wenyewe haukuwahi kufanya kazi vizuri, lakini mtindo wa kupanga wanyama kwa orodha ulibaki kwenye sheria zetu hadi leo. Weka hiyo orodha akilini, tutairudia.

Tuje Kenya huru. Sheria ya wanyama pori ya 1976 ilisema raia anaweza kulipwa mnyama akiua mtu, akijeruhi, au akiharibu mimea na mali. Ilionekana poa kwenye karatasi. Lakini madai yakawa mengi, mengine ya uongo, pesa zikakosekana. Mwaka wa 1989, mwaka ule ule KWS ilianzishwa, fidia ya mimea na mali ikaondolewa. Ikabaki ya kifo na majeraha peke yake, na kwa miaka mingi maisha ya Mkenya yalikuwa na bei ya shilingi 30,000, baadaye 200,000. Yaani kwa miaka karibu 25, ndovu angekanyaga pikapu yako ikawa bapa kama chapati, na serikali ingekupa pole tu.

Sheria ya sasa ni ya 2013, na ilianza kufanya kazi Januari 2014. Kifo kikawa milioni 5, ulemavu wa kudumu milioni 3, majeraha mengine hadi milioni 2. Fidia ya mimea, mifugo na mali ikarudi, na gari ni mali. Unaripoti KWS, unajaza fomu, kamati ya kaunti inakaa na kuangalia. Lakini kuna mambo mawili hapo ndani. La kwanza, ukionekana hukuchukua hatua za kawaida za kulinda mali yako, hulipwi. Dirisha wazi na ndizi ndani? Jijazie. La pili ndilo linaloniuma: fidia inalipwa kwa wanyama walio kwenye orodha pekee.

Na orodha inasemaje? Simba yuko. Chui, fisi, mbwa mwitu na mamba wako. Ndovu, nyati na kiboko wako. Nyani? Hayuko. Tumbili? Hayuko. Linganisha na ile ya London. Wale waharibifu wakubwa wa 1900 wamehamia kwenye orodha ya fidia ya 2013, lakini nyani na jamaa zake wakaachwa nje. Mzungu wa 1900 alijua nyani anaharibu. Mama wa Karurumo anayekaa shambani mchana kutwa akifukuza tumbili kwa mawe anajua. Sheria yetu ndiyo haijui.

Mtu atasema, "Si kuna bima?" Wenye nduthi na mathree wengi wana bima ya lazima tu, ile ya mtu wa tatu. Hiyo inamlipa utakayemgonga, gari yako hailipiwi chochote. Ujerumani kuna mnyama mdogo anaitwa Marder, anayeingia chini ya boneti usiku na kutafuna waya na mabomba ya mpira. Huko bima nyingi za kiwango cha kati zimeandika wazi kwamba hasara hiyo inalipwa. Walikubali kwamba mnyama na gari wanaishi mtaa mmoja, wakaweka bei.

Sisi tumetegemea uzio. Na hapa kuna utamu: tangu 1989, mashindano ya magari ya Rhino Charge yamechangisha pesa za kuzungushia Aberdare uzio wa umeme, ukakamilika 2009, kisha kazi ikahamia Mlima Kenya 2012. Ndovu anauheshimu uzio. Hata Mwea, huko chini Mbeere, ambako ndovu walizidi nafasi, makumi yao walihamishwa hadi Aberdare Oktoba 2024. Lakini nyani hupanda miti, tumbili huruka. Kwa hivyo mnyama ambaye uzio humzuia yuko kwenye orodha, na yule ambaye uzio haumwezi hayuko.

Najua jibu la serikali: tukiongeza nyani, madai yatakuwa maelfu, mfuko utakauka kama ulivyokauka kabla ya 1989. Ni hoja ya maana, na hata sasa kuna familia zimengoja malipo kwa miaka. Lakini dawa ya madai ya uongo ni ushahidi, na leo kila mtu ana kamera mfukoni. Weka nyani na tumbili kwenye orodha ya mali, weka kiwango cha juu kidogo tu kwa kila dai, taka picha na ripoti ndani ya siku chache. Pesa kidogo inayofika inamsaidia mtu wa nduthi kuliko milioni za kwenye karatasi.

Kabla hilo lifanyike, funga madirisha, kunja vioo vya pembeni, usiache chakula ndani, na ripoti KWS hata kama hutalipwa. Ripoti zisipokuwepo, Bunge litasema shida haipo. Na mbunge wako akija kuomba kura Karurumo, usimuulize tu ya barabara. Muulize kama amewahi kusoma hiyo orodha.